Foleni ya Sebuleni

Nianze na shukrani kabisa, maana nikizingoja mwishoni nitakuwa nimeshaanza kulia na hakuna atakayenielewa. Namshukuru mama mkwe wangu. Ni mwanamke mkali, hana dogo, na nyumbani tunamwita Hakimu, tena usoni pake, naye anaitika. Tangu niolewe nyumba ile, yeye ndiye anayepakuliwa kwanza, anayekaa kwenye kiti chenye mgongo, na anayeoga kwanza asubuhi. Hilo la kuoga si dogo. Hita yetu ya maji ni ya kizamani, maji ya moto yanamtosha mtu mmoja na kidogo, wengine tunajikaza kisabuni.

Mimi ni mpokezi katika kliniki ya meno, lakini tangu niko shuleni moyo wangu ulikuwa kwenye sheria. Chuo cha sheria kina masomo ya asubuhi na mapema kwa ajili ya wafanyakazi, ila kwanza ufaulu mtihani wa kujiunga. Mtihani wenyewe unaruhusiwa kuufanya mara tatu tu. Ukianguka ya tatu, ndiyo basi, katafute ndoto nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaanguka mara mbili.

Sehemu nyingine zote nilizipasua. Kilichonipasua mimi ni mafumbo ya mpangilio. Unapewa watu kadhaa na masharti yao: huyu amtangulie yule, fulani asiwe wa kwanza, fulani aje baada ya fulani. Kazi yako ni kupanga foleni isiyovunja sharti hata moja. Mtu akisikia hivyo anasema, si kazi yako hiyo, dada wa mapokezi? Ndiyo, na hapo hasa ndipo palipokuwa na tatizo. Kliniki mimi napanga foleni kwa kuangalia sura. Shavu lililovimba linatangulia, mtoto anayelia anatangulia, mzee wa fimbo hata kiti hakikalii. Daktari amelalamika mpaka amechoka.

Basi jioni moja baada ya kula, mume wangu alikuwa ananisahihishia mazoezi. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu mpole, hajui kupaza sauti hata akipigwa shoti.

"Mke wangu, hili nalo umekosa."

"Nimekosa wapi? Kitabu ndicho kimekosea!"

Nikakitupa kitabu kwenye kochi. Kilitua karibu na Hakimu. Wifi yangu, ambaye hucheka hata msibani, siku hiyo hakucheka. Nikashika tama. Niliona mwaka mwingine unapita, na baada ya huo hakuna mwingine.

Hakimu alikiokota kitabu, akampa mwanawe. "Hebu lisome kwa sauti hilo fumbo lililomshinda."

Mume wangu akasoma. Watu wanne wanasubiri kumwona daktari: mwalimu, mshonaji, mjamzito na mzee. Mjamzito ni wa pili. Mshonaji anaingia baada ya mwalimu. Mzee anaingia baada ya mshonaji. Nani anaingia mwisho?

"Leteni viti," Hakimu akasema.

Tukapanga viti sebuleni kutoka dirishani kuelekea mlangoni. Mume wangu akawa mwalimu. Wifi akasokomeza mto ndani ya gauni, akaanza kutembea ameshika kiuno, tukavunjika mbavu. Mtu wa kuwa mshonaji hakuwepo, tukaweka pasi ya umeme kwenye kiti chake. Hakimu bila kuulizwa alikwenda kukaa kiti cha kwanza, akatulia.

"Haya, panga."

Nikapanga. Mwanzo Hakimu, wa pili wifi na mto wake, kisha mume wangu, mwisho pasi.

"Mimi umeniweka mbele kwa nini?" Hakimu akauliza.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Miguu inakusumbua."

"Miguu imeandikwa wapi humo?"

Nikachukua kitabu, nikasoma tena. Nikatafuta miguu, nikatafuta uzee na heshima yake. Hakuna. Mzee anaingia baada ya mshonaji, imeishia hapo.

"Haijaandikwa, mama."

"Basi niweke mwisho."

Nilishindwa. Nawaambieni ukweli, mikono ilikataa kumshika mama mkwe nimwambie sogea kule, pasi ikupite. Niliangalia chini kama niliyevunja sahani ya watu. Hakimu aliniangalia, akainuka mwenyewe, akakiacha kiti chake cha mgongo, akavuta kigoda cha jikoni hadi mlangoni panapopita baridi. Akakaa.

"Haya. Nimekufa?"

"Hapana, mama."

"Nimekasirika?"

"Kidogo."

"Hasira yangu nayo haimo kwenye fumbo. Sasa tazama, sharti gani limevunjika?"

Nikatazama. Mume wangu mbele, wifi wa pili, pasi wa tatu, Hakimu mlangoni kwenye kigoda. Hakuna lililovunjika. Kichwa changu kikawa chepesi ghafla. Miaka yote hiyo sikuwa mjinga. Nilikuwa nawahurumia watu ambao hawapo.

Toka siku hiyo sebule yetu haikupumzika. Kila jioni vyombo vikioshwa tu, viti vinapangwa. Wifi alizaa na kupata mimba upya mara nyingi kupita kiasi. Pasi ilikuwa mshonaji, dereva, hata bwana harusi. Hakimu alikubali kila cheo alichopewa, hata mwizi, na akiwekwa mwisho alibeba kigoda chake mwenyewe bila kununa. Aliyemwona akipakuliwa kwanza kila siku ndiye angejua hilo lilikuwa jambo kubwa kiasi gani.

Siku ya mtihani ilipofika nilipiga moyo konde nikaingia. Fumbo la mwisho liliwahusu wageni waliopanga zamu ya kuzungumza ukumbini, na mmoja wao alikuwa bibi mwenye umri kupita wote. Mkono ukataka kumtanguliza. Nikaisikia kichwani sauti kali ya Hakimu: imeandikwa wapi? Nikamweka mwisho, na wengine wote wakakaa mahali pao.

Nilifaulu. Mume wangu alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Hakimu alisema, "Haya, umetuchosha," kisha akaingia chumbani kwake, akatoka macho mekundu, akasingizia vitunguu ambavyo hakuna aliyekuwa anavikata.

Asubuhi ya darasa la kwanza niliamka gizani. Nilikuwa nimeshapanga moyoni kuoga maji ya baridi niondoke kabla Hakimu hajaamka, nisimharibie zamu yake. Nilipofika kwenye korido nilimkuta ameshaamka. Amekaa kwenye kile kigoda nje ya bafu, taulo begani.

"Ingia," akasema.

"Mama, wewe kwanza. Mimi ya baridi yananitosha."

"Darasa linaanza mapema, nawe usiende ukitetemeka. Leo mimi wa mwisho."

"Na baridi hii? Na miguu yako?"

"Miguu imeandikwa wapi?"

Niliingia, nikafungua bomba, maji yakaja ya moto, nikalia humo humo ndani yake. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, kwa sauti, mlango ukiwa umefungwa. Kisha nikaoga haraka haraka, nikafunga bomba kabla sabuni haijaniisha mwilini, ili yabaki ya moto ya kumtosha.

Nilipotoka alinikagua kutoka juu hadi chini, akainuka na kigoda chake.

"Una povu sikioni, mwanasheria," akasema, akaingia kuoga.