Mlango Usiosubiri

Bi Ubao alikuwa hajafungua hata kifuniko cha kalamu pale mtu mwenye bomba la chuma alipousukuma mlango kwa bega na kuingia.

Jina hilo alipewa na wenzake, kwa kuwa kila Ijumaa yeye ndiye aliyesimama mbele ya ubao mweupe kuendesha kikao cha kutazama nyuma: wiki hii nini kimekwenda sawa, nini kimetuumiza, tubadilishe nini. Walikuwa wanne chumbani, waandishi wa programu zinazofungua na kufunga milango mizito ya maghala. Kikao kilikuwa na sheria moja, na Bi Ubao aliishika kama mtu anavyoshika dini: hapa haulizwi nani, huulizwa kwa nini.

"Nani ameandika ule mlango?" mtu yule aliuliza.

Alivaa aproni ya ngozi iliyotobolewatobolewa na cheche. Mlinzi alikuwa amempitisha akidhani ni fundi wa kiyoyozi. Hakuwa na haja ya kujieleza zaidi. Jumatano, katika ghala moja, mlango ulikuwa umemfungia mpakiaji mkono na kuukata juu kidogo ya kiwiko. Huyu alikuwa kaka yake, mchomeleaji.

"Pole sana, kaka yangu," alisema Bi Ubao. "Keti kwanza, tuzungu..."

"Sikuja kuketi, mama. Nipe jina."

"Hapa hatuulizi nani. Tunauliza..."

Bomba lilishuka. Bi Ubao alisikia mkono wake wa kushoto ukialika kama ukuni mkavu, na maumivu yakachelewa kidogo, kama mgeni anayepanda ngazi. Alipoanguka, bomba lilikuwa limeshageukia meza. Skrini ya kwanza ilipasuka, ya pili ikaruka na waya zake, vipande vya kioo vikamwagika hadi dirishani.

"Jina!"

Mkongwe, aliyependa kusema kwamba alianza kazi hii kompyuta zikiwa kubwa kama kabati, alikuwa amechuchumaa nyuma ya kiti. Bomba lilipokivunja kiti, alinyoosha kidole.

"Ni huyu, Kimya! Mlango ni wake, mimi sikuugusa, haki ya nani!"

Kimya hakukana. Alikuwa mtu wa kumaliza siku nzima kwa maneno matatu, na mkewe alikuwa amejifungua mwezi huohuo. Mchomeleaji alimkamata ukosi, akamgongesha uso kwenye ukingo wa meza mara moja, akamgongesha tena. Jino lilidondoka. Shemeji, mpimaji wa programu, aliyeitwa hivyo na kila mtu kwa sababu aliolewa na mdogo wake Mkongwe, alimrukia mtu yule mgongoni na kumng'ata sikio. Alirushwa ukutani kama gunia, akabaki hapo akihema, mdomo umejaa damu.

"Mdogo wangu alikuwa anapakia masanduku," mchomeleaji alisema, akimkanyaga Kimya vidole kwa buti. "Masanduku tu! Sasa wewe vidole hivi unavyo vya kazi gani?" Akanyanyua bomba juu ya kichwa cha Kimya.

Bi Ubao alikuwa anatambaa juu ya vioo. Mazoea ya miaka hayamwachi mtu hata akifa: kichwani mwake swali lilikuwa ni kwa nini, na jibu alilijua.

Mwezi uliopita, palepale, Shemeji alibandika karatasi ubaoni. Ukibonyeza kitufe mara mbili kwa haraka, mlango unajifunga bila kumwangalia aliye katikati. Kila mmoja alikuwa na vitone vitatu vya kubandika kwenye tatizo alilotaka litangulie. "Usipoziba ufa, jamani," Shemeji alionya. "Ukuta tutajenga wiki ijayo," Mkongwe akajibu, wakacheka wote. Vitone vikaenda kwenye kompyuta zao zilizokwenda polepole kama konokono, maana hizo ndizo zilizowaumiza wao. Mlango ulipata vya Shemeji peke yake. Na Jumatano, habari ya mkono ilipofika, waliuzima mlango ule mmoja, wakasema mingine tutaizungumza kwenye kikao. Kikao ni Ijumaa. Ndivyo walivyozoea.

"Milango mingine inafanya kazi!" Bi Ubao alipiga kelele.

Bomba lilisimama hewani.

"Mingine ipi?"

"Ya maghala mengine. Kosa ni lilelile, na watu wako ndani wanapakia sasa hivi. Anayeweza kuizima kutoka hapa ni huyo unayemuua."

Mchomeleaji alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akaondoa buti.

"Zima."

Kimya aliburutwa hadi kwenye kompyuta pekee iliyosalia. Jicho moja lilikuwa limeshafumba. Vidole viwili vilikataa kukunjika, vitufe vikateleza kwa damu, na nywila ikakataliwa.

"Taratibu, kijana," Mkongwe alianza, "ungetumia ile ya..." Bomba lilimpata mbavuni, akalala.

Kimya alijaribu tena. Chumba kizima kilikuwa kikimsikiliza anavyobonyeza. "Imesimama," alisema mwishowe. "Yote."

"Mlijua?"

Bi Ubao akasema, "Shemeji alituambia. Tulipiga kura. Tukachagua kutengeneza vitu vyetu."

"Nani alichagua?"

Safari hii hakuwa na sheria ya kumjibu. Aliinua mkono uliobaki mzima. Kimya naye akainua wake. Mkongwe alilala akitazama dari, hadi ncha ya bomba ilipomgusa kidevu, naye akainua.

Mchomeleaji aliitazama ile mikono mmoja baada ya mwingine. Akageuka na kuupiga ubao mpaka ukang'oka ukutani, kisha akavuta kiti cha Bi Ubao, akaketi, bomba mapajani. Chini, mlinzi alikuwa anawaita polisi kwa sauti ya kulia.

"Wewe dada," alimwambia Shemeji. "Hebu waambie tena, kama ulivyowaambia siku ile. Polepole. Anayefungua mdomo kabla hujamaliza, namvunja."

Shemeji alitema damu, akajifuta kwa kiganja.

"Ukibonyeza mara mbili," alianza.