Chokaa Kwenye Ukuta wa Attracta

Dada yangu Attracta alikuwa mwanamke wa kwanza jimboni kwetu Mayo kupata udaktari wa hesabu. Alifundisha fizikia chuo kikuu kule Dublin miaka mingi, na maprofesa wenye ndevu zao walimwandikia kumwomba ushauri. Ninalisema hili kwa hasira, maana hapa kijijini wanamkumbuka tu kwa kuvaa viatu visivyofanana.

Akili ilianza kumtoka kabla hajazeeka. Akarudi nyumbani, kwangu na kwa kaka yetu Colman, sisi tuliobaki bila kuoa wala kuolewa. Alirudi na haja moja: kumaliza hesabu yake ya mwisho. Alitaka kuonyesha kwa nini punje ya chumvi inashikana isisambaratike, na ni lini lazima isambaratike.

"Nikimaliza hii, Dympna, akili iende itakako," aliniambia. "Ila isiniache kabla."

Karatasi hazikumfaa tena, maana alikuwa akiziwashia moto akidhani ni magazeti. Akahamia ukutani, chumba cha nyuma, kwa mkaa, kuanzia dirishani kuelekea mlangoni. Kila asubuhi aliweka kidole pale mwanzo, akasoma hadi alipoishia jana, kisha akaongeza kidogo. Ukuta ndio uliokuwa ukimkumbukia.

"Mtu mzima anachora ukutani!" Colman alimtania. "Mama angekuchapa wewe."

"Mama hakujua hesabu."

"Na wewe hujui kuosha kikombe!"

Wakacheka wote wawili. Hesabu ilikuwa imebakiza upana wa mlango tu.

Majira ya kuchipua yalipofika, zamu ya Misa ya nyumbani ikatuangukia. Padri akija kusomea Misa jikoni kwako, majirani wote wamejaa nyuma yake, nyumba lazima ing'ae mpaka zizini. La sivyo watakusema mpaka wakuzike. Siku moja kabla, nilimpeleka Attracta mjini kutengenezwa nywele. Tuliporudi, Colman alikuwa mlangoni, chokaa hadi kwenye nyusi, anatabasamu.

"Nimepaka kote," alisema. "Hata chumba cha nyuma. Sitaki padri aone yale masizi aseme tumemtelekeza dada yetu."

Attracta alipita katikati yetu, akaingia. Nilisubiri kelele. Nilipochungulia, nilimkuta ameweka kidole kando ya dirisha, anakisogeza polepole juu ya chokaa mbichi.

"Dympna, nilikuwa nimefika wapi?"

Nilikifagia chumba kile kila siku ya Mungu, na sikuwa na hata alama moja ya kumpa.

Colman alipoelewa, alichukua kisu cha jikoni akaanza kukwangua. Kila chokaa ilipobanduka ilibanduka na mkaa wake, ikabaki jiwe tupu. Alikwangua huku analia.

"Mbona hukuniambia kwamba ni kazi?"

"Nilikwambia, kaka," Attracta alimjibu kwa upole. "Ulicheka."

Alikaa kitandani akiutazama ukuta hadi giza likaingia. Nilimletea supu, hakuigusa. Nilitamani apige mtu, avunje sahani, afanye chochote.

Asubuhi Misa ikasomwa. Majirani walisifu usafi, wanawake wakapapasa mapazia yangu, padri akapewa mayai mawili ya kuchemsha na mkate wa siagi. Attracta alikaa mkabala naye, nywele zimepangwa vizuri, mikono mapajani.

"Na msomi wetu?" padri aliuliza akigonga yai. "Ile kazi kubwa inaendeleaje?"

Attracta alimtazama kwa adabu, kama mgeni aliyeulizwa njia.

"Kazi gani, Padri?"

Padri akaangua kicheko, akidhani ni mzaha, na jiko zima likacheka naye.