Benchi Moja na Mama

Siku mwalimu wetu, Madame Dorine, aliponiamuru nimlete mzazi kwa sababu ya kuongea darasani, sikuwa na safari ndefu. Mzazi wangu alikuwa amekaa kando yangu kwenye benchi, kalamu mkononi, na ndiye niliyekuwa nikiongea naye.

Darasa zima lilingoja. Mama alisimama polepole, akanyoosha kitenge chake cha buluu.

"Minye hapa, Madame," akasema, akijigusa kifua. "Nimefika."

Madame Dorine alikuwa mdogo kwa Mama kwa miaka mingi, na tangu mwanzo wa mwaka alikuwa hajui amshike vipi. Sisi wengine alituita kwa majina yetu makavu, lakini mdomo wake ulikataa kabisa kumwita mtu mzima "Léocadie" na kuishia hapo. Kwa hiyo hata alipoita majina asubuhi, alisema "Mama Léocadie", na Mama akaitika "Present" kwa sauti ya mtu anayeitika kanisani.

"Mama Léocadie," mwalimu akasema akitazama chaki yake, "tafazali, uongee na mutoto wako."

"Nitaongea naye, Madame."

Akakaa. Akanifinya paja chini ya meza, akaninong'oneza, "Weye shida yako ni moja, unacheka kwa nguvu." Nikacheka kwa nguvu.

Watu wananiuliza kama sikuona haya kusoma darasa la sita pamoja na mama yangu. Niliona haya wiki ya kwanza, sitaficha. Baadaye haya iliisha yenyewe, kwa sababu ni vigumu kumwonea haya mtu anayekuja shuleni na mihogo ya kuchemsha ya benchi zima.

Aliingia shule kwa utani. Shule ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure, na kila mwanzo wa mwaka foleni ya kuandikisha watoto ilitoka mlangoni kwa mkuu wa shule hadi barabarani. Mama alikuwa amekuja kuniandikisha mimi. Mkuu wa shule, Directeur Gaspard, mtu mwembamba mwenye miwani mikubwa, alikuwa amechoka, na akichoka hutania. Alimwambia, akimwita kwa jina langu, "Siku hizi ni bure, Mama Laurette. Hata weye unaweza kuingia." Watu wa foleni wakacheka. Mama hakucheka. Alikuwa ameacha shule akiwa darasa la tano, vita vilipowasukuma yeye na wazazi wake hadi Sange, na huko akalima mpunga wa watu, akakua, akaolewa, akanizaa.

"Basi niandike," akasema. "La sita."

Directeur alisubiri aseme anatania. Kisha akauliza jina lake la shule.

Asubuhi mdogo wake Mama alikaa kwenye kibanda chetu cha sabuni na chumvi pale Kimanga, na mchana Mama akarudi kukipokea, bado amevaa blauzi nyeupe. Baba alikuwa amekwenda Misisi kutafuta dhahabu. Alituma salamu kwa muda, kisha salamu zikakatika. Tulikuwa wawili, na sasa tulikuwa wawili hata darasani.

Sasa niko mwaka wa mwisho wa humanités, yaani sekondari, nasomea ualimu, na wanaponituma kwenda kufanya mazoezi kwenye shule za mji huwa natazama sura za watoto kwanza, kabla ya daftari zao. Nilijifunza hilo darasa la sita. Darasa letu lilikuwa limejaa hadi dirishani. Kulikuwa na watoto wa wavuvi ambao nyumba zao zilimezwa na ziwa lilipopanda, wakaja shuleni bila viatu na bila kulalamika. Kulikuwa na waliokimbia kutoka milimani usiku mmoja na familia zao, na kwa miezi wakawa wanaongea Kiswahili kwa tahadhari, kama mtu anayevuka mto asioujua. Kulikuwa na wa uwandani, kwenye mashamba ya mpunga, na wa Kavimvira ambao mama zao huvuka mpaka kila siku. Na kulikuwa na wakubwa. Chadrack, mkubwa kuliko wote ukimtoa Mama, alikuwa ameanza kuota ndevu. Alikuwa amebeba mchanga mtoni tangu utotoni, na alikaa benchi la nyuma magoti yakigonga meza.

Mama hakuwa hodari. Nasema kwa mapenzi yote. Kibandani alikupa chenji kabla hujafungua mkono, lakini umwandikie hesabu ya mgawanyo ubaoni, jasho lilimtoka kama mtu anayesonga ugali wa harusi. Kifaransa nilimsomea mimi jioni, akiwa anakaanga ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Nilimwambia anarudia makosa yaleyale kila siku, akaniambia na mimi nilichelewa kutembea na hakuna aliyenipigia kelele. Mgawanyo alifundishwa na Chadrack, kwa kutumia maharagwe, na baada ya somo maharagwe yalipikwa na Chadrack akala nasi.

Sasa, Directeur Gaspard. Alikuwa mtu mwema, ajulikane hivyo. Chaki ikiisha alinunua mwenyewe. Lakini alikuwa na ugonjwa mmoja, na ugonjwa huo ulikuwa ukutani, karibu na lango: kila mwaka aliandika hapo, kwa rangi nyeupe na kwa mkono wake, asilimia ya waliofaulu mtihani wa taifa. Miaka mitatu mfululizo ilikuwa mia. Wazazi walipita wakaisoma. Yeye mwenyewe aliisoma kila asubuhi, nilimwona.

Baada ya Pasaka alikuja darasani, akawaita wakubwa wasimame: Chadrack na wenzake wa mabenchi ya nyuma. Akawaambia kwa upole kwamba mwaka huu hatawaandikisha kwa mtihani. Wangoje mwaka mwingine, wajiandae vizuri. Chadrack alitazama mikono yake. Sote tulijua hakuna mwaka mwingine, mtu wa ndevu akirudi mtoni kubeba mchanga harudi tena kwenye benchi.

Mama naye alisimama.

"Weye ukae, Mama Laurette," Directeur akasema. "Weye ni mzazi. Nitakuandika."

"Minye niko mukubwa kuwapita hawa wote," Mama akasema. "Na kwa mugawanyo wananishinda. Kama hawa wanabaki, na minye nabaki."

Nilimvuta kitenge. Nilijua alivyoutaka mtihani ule. Usiku alikuwa akisema tarehe yake kwa sauti, kama mtu anayetaja jina la mgeni anayekuja. Nilitaka akae chini, achukue nafasi aliyopewa, na anyamaze. Hakunitazama hata kidogo.

"Mama," Directeur akasema, na sauti yake ikashuka, "munielewe. Mukianguka, shule inaanguka pamoja na nyinyi."

"Tukianguka, Directeur, utaandika kule kwa ukuta ile hesabu yenye itakuwa. Rangi iko. Lakini mutoto mwenye hakuandikwa, yeye utamuandika wapi?"

Directeur alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Akatoka. Kwa siku kadhaa alipita mbele ya dirisha letu akitazama upande wa ziwa. Kisha Jumamosi moja aliwaita wakubwa wote, na Mama, akasimama ubaoni mwenyewe akiwa amevaa kandambili.

"Nimewaandika," akasema. "Sasa kama munataka kuniangusha, muniangushe mukiwa munajua kitu."

Tangu hapo kila Jumamosi aliwafundisha hadi jua la mchana. Mama alirudi nyumbani amejaa chaki, akimlalamikia Directeur. Nilimpenda sana Mama miezi ile. Nilikuwa sijawahi kumwona mama yangu akiogopa kitu na bado akakiendea kila asubuhi, amechana nywele.

Siku ya matokeo uwanja ulijaa. Kwetu, mtoto akifaulu anamwagiwa poda kichwani, mpaka nyusi zinakuwa nyeupe, na anatembea hivyo mjini kila mtu aone. Wazazi hujipanga ukutani na makopo yao ya poda. Wanafunzi husimama mstari katikati. Directeur husoma majina kuanzia aliyepata alama za juu akishuka, na anayeitwa anatoka mstarini kwenda kwa watu wake. Walioanguka hawasomwi. Anakunja karatasi, basi, na wanabaki wamesimama.

Mama alifika na kopo la poda kwenye mkoba, kama mzazi. Akasimama mstarini, kama mwanafunzi, mrefu kuliko wote.

Niliitwa wa tatu. Mama aliacha mstari, akanimwagia poda hadi nikakohoa, akanikumbatia, watu wakapiga vigelegele na kucheka. Kisha akafunga kopo na kuniwekea mkononi.

"Shika," akasema. "Enda usimame na wazazi."

Akarudi mstarini.

Nikaenda ukutani. Nilisimama katikati ya akina mama, kopo kifuani, na majina yakaendelea kushuka. Alipoitwa Chadrack alitoka akasimama tu, kwa sababu hakuna aliyekuja kwa ajili yake. Nikamwona Mama, kule mstarini, akinionyesha kwa kidevu. Nikaenda nikampaka Chadrack poda, ndevu zake zikawa za mzee, na mama mmoja akampigia kigelegele kana kwamba ni wake.

Mstari ukapungua. Wakubwa waliitwa mmoja baada ya mwingine, wote, na kila jina lililosomwa lilikuwa jina ambalo si la Mama. Nikaanza kuomba, tena bila mpangilio. Mwishowe walibaki watatu: Mama, na watoto wawili wadogo wa benchi la mbele ambao hakuna mtu aliyewahi kuwa na wasiwasi nao. Mmoja alikuwa ameanza kulia. Mama akawashika mikono, mmoja huku, mwingine huku.

Directeur alitazama karatasi. Akamtazama Mama. Pikipiki zilipita barabarani. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye ukingo wa karatasi, na mimi nilidhani anaikunja.

"Mama Léocadie," akasoma.

Kwenye karatasi za mtihani hawaandiki Mama. Hilo aliliongeza mwenyewe. Kisha akaikunja karatasi.

Nilikimbia. Sikumbuki kufungua kopo. Nakumbuka tu nilifika mbele yake, nikanyoosha mkono, na kichwa chake kilikuwa juu sana. Hakuiachia mikono ya wale wadogo wawili. Aliinama tu, na wao wakiwa pembeni yake, ili nimfikie.