Shati la Fundi Betri

Wewe mwenye mjamzito ndani ya nyumba, kama mumewe ni fundi betri, nakuomba usome haya mpaka mwisho. Shule mimi niliishia ya msingi, maneno ya kidaktari sina. Nina yaliyompata binti yangu.

Mkwe wangu anafufua betri za magari. Anazipasua, anamwaga yale maji makali, anatoa madini ya risasi yaliyomo, anayayeyusha kwenye sufuria juu ya mkaa, halafu anayamimina upya. Wenzake wanamwita Majivu, maana mpaka nyusi zake zina vumbi la kijivu.

Binti yangu aliposhika mimba, ikachagua harufu. Mimba za wenzake zinafukuza waume chumbani. Yake ikampenda mume na moshi wake. Akisikia harufu ya sabuni anatapika, akisikia mafuta yanachemka anakimbilia nje. Lakini akiegemeza pua kwenye shati la kazi la mumewe, moyo unatulia, usingizi huo.

Nilipokwenda kumwangalia nikakuta shati lenyewe limevalishwa mto.

"Hili lifuliwe," nikasema.

"Mama, nakuomba usiliguse! Likifuliwa ndiyo basi tena."

Wifi yake, dada wa mkwe wangu, alikuwa mlangoni anakunja nguo. "Mwache, mama. Sisi wengine mume tunampa ndoo ya maji kabla hajavuka kizingiti. Huyu anamlamba hivyo hivyo na masizi yake!"

"Wivu tu, wifi. Wako ananuka nini, si uvivu?"

Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Mkwe wangu akaona haya, akainama. "Mama, usiwe na wasiwasi. Mimi naoga kule kule kazini. Na nguo ya maji ya betri haiingii humu, ile inaunguza. Namletea hili la kuyeyushia tu. Hili lina vumbi, basi."

Na kweli, shati lilikuwa zima, halina hata tundu. Kwa mafundi betri kinachoogopwa ni yale maji, kwa sababu yanatoboa nguo na kubabua ngozi. Vumbi halimbabui mtu. Kwa hiyo shati likiisha harufu, alimletea jingine. Alimpenda mke wake, ndiyo maana.

Mimba ilipokuwa kubwa, uso wa binti yangu ukajaa. Majirani wakasema amenawiri. Pete ikagoma kutoka kidoleni. Kisha kichwa kikamshika, kikakataa kuachia, na asubuhi moja akaniambia, "Mama, mbona ukutani kuna nyota?"

Hapo nikamfunga khanga tukaenda hospitali. Muuguzi akampima presha, akatazama kipimo, akapima tena mkono wa pili. Akapima na mkojo. Akasema ni presha ya mimba, hakuna kurudi nyumbani. Binti yangu akajilaza, akatoa shati kwenye mkoba, akaliweka shavuni.

Muuguzi akasimama. "Hilo ni la nani?"

"La mume wangu."

"Anafanya kazi gani?"

Alipojibiwa, muuguzi alivaa glavu, akalichukua taratibu, akalifunga ndani ya mfuko wa plastiki. Binti yangu akalia kama amenyang'anywa mtoto. Wakamtoa damu ya kupima.

Kifafa cha mimba kilimjia majibu hayajarudi. Macho yakapanda juu, meno yakauma ulimi, kitanda kikatikisika. Nikasukumwa nje. Wakampasua ili wamwokoe.

Binti yangu walimpata. Mjukuu wangu alikuwa mdogo mno. Alipumua kidogo, akaacha.

Majibu ya damu yalipotoka, daktari alituita mimi na mkwe wangu. Risasi ilikuwa nyingi kwenye damu ya binti yangu. Akasema hawezi kuapa kwamba ni hiyo peke yake, presha ya mimba inawapata hata wasiojua betri ni nini. Ila risasi inapandisha presha, na mjamzito aliye nayo mwilini yuko hatarini zaidi. Vumbi lile linaingia kwa pua na kwa mdomo, wala haliumi.

"Lakini nilikuwa naoga," mkwe wangu akasema. "Daktari, kila siku nilikuwa naoga."



Wakamletea mtoto amefungwa kwenye kitambaa cheupe, ampokee. Akaficha mikono mgongoni. "Ngojeni ninawe kwanza." Akaenda kwenye bomba la wodi, akasugua viganja, akasugua kucha, akapanda mpaka viwiko. Muuguzi akamwambia inatosha, baba. Hakusikia. Mwishowe mimi ndiye niliyefunga bomba, nikamshika bega, akampokea mwanawe mikono ikiwa bado inachuruzika.

Sasa nguo zake za kazi zinabaki kazini na zinafuliwa huko huko. Anaingia nyumbani amevaa nyingine. Binti yangu bado anameza dawa za presha. Jioni mume akifika, humwegemea shingoni, ananusa, kisha anageuka anatazama ukuta. Wifi yake akiwepo hatanii tena.

Kwa hiyo wewe mwenzangu, likiletwa shati la namna hiyo, hata kama mjamzito wako analililia, lisivuke mlango. Na akivimba uso, akaona nyota, usingoje asubuhi ya pili.