Taka Zilizooga

Mashine iliitwa Bi Mkubwa, na jina lilimkaa. Alijinafasi katikati ya karakana kama mgeni wa heshima, akisubiri kuletewa. Chupa ikipita kwenye mkanda wake, kamera iliikodolea jicho, kisha mkono wa chuma uliisukuma kwenye pipa lake: plastiki huku, makopo kule, karatasi pale. Asichokitambua kilikwenda moja kwa moja hadi pipa la mwisho kabisa, ambalo vijana wenye mashine walilibatiza "Sikujui".

Vijana wenyewe walikuwa wawili, na kampuni yao ilikuwa na umri wa miezi kumi. Mmoja aliitwa Spana, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila spana mkononi. Huyo ndiye aliyemuunda Bi Mkubwa. Wa pili aliitwa Miwani, na ndiye aliyempa akili kwa kompyuta. Mashine ikifanya vizuri, kila mmoja alijua ni kazi yake. Ikiboronga, kila mmoja alijua ni kazi ya mwenzake.

Wa tatu alikuwa Dada Sabuni. Aliajiriwa kufagia, kuchemsha chai na kupiga picha, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyomfanya atembee shingo juu.

"Dada, huyu hajui kitu," Miwani alimweleza siku ya kwanza. "Ni kama mtoto mchanga. Weka kitu kimoja kimoja juu ya kitambaa cheusi, kipige picha, andika ni nini. Akishaona chupa elfu moja, zinazofuata atazijua mwenyewe."

Kazi ile ilimfaa kuliko zote alizowahi kupata. Jioni ilimwacha aende kwenye masomo yake ya usiku, na mwanawe, Kibonge, aliruhusiwa kukaa ndani ya boksi la kamera lililotandikwa blanketi, akitafuna kingo zake. Kwingine kote alikoomba kazi, swali la kwanza lilikuwa kama hana mtu wa kumwachia mtoto, na la pili halikuwepo.

Basi, Jumatano, meneja wa soko akawatumia gunia la taka za majaribio. Ijumaa angekuja mwenyewe na mengine. Akiridhika, angewapa nafasi langoni pa soko, na taka zote za pale zingepita mikononi mwa Bi Mkubwa. Asiporidhika, Spana angerudi kutengeneza pikipiki kwa mjomba wake, Miwani angerudi kulala sebuleni kwa mama yake, na Dada Sabuni angerudi kuulizwa lile swali.

Spana akamwaga gunia. Chupa ya kwanza: Sikujui. Kopo: Sikujui. Chupa tena, kubwa, ambayo hata Kibonge angeitambua: Sikujui.

"Mwanao haoni," alisema Miwani. "Kamera umeikaza kama gurudumu la trekta."

"Kamera nzima. Akili ndiyo haipo, na amerithi kwa baba."

"Baba ni wewe!"

"Mimi ni fundi tu, bwana. Usinibambikie mtoto."

Kibonge, aliyekuwa kiunoni kwa mama yake, alipoona watu wanarusha vitu mkandani, naye akarusha kikombe chake cha uji. Bi Mkubwa akakitazama. Mkono wa chuma ukakisukuma taratibu, kwa adabu, hadi pipa la plastiki.

"Umeona? Kamera nzima!"

"Umeona? Akili ipo!"

Wakaendelea kubishana. Lakini Dada Sabuni alikiokota kikombe, akakigeuzageuza mkononi. Kikombe kile alikiosha asubuhi. Akachungulia ndani ya Sikujui: chupa zina matope, zina mafuta, moja imegandwa na ganda la ndizi. Ndipo ilipomjia picha yake mwenyewe, kila asubuhi kabla vijana hawajaamka, ameinama kwenye beseni bombani, anasugua chupa za watu kwa brashi, anabandua lebo, anaanika kwenye waya.

Hakuna aliyemtuma. Lakini picha ni picha! Hata Kibonge hajawahi kupigwa picha na kamasi. Vijana waliona tu sabuni inaisha mbio, wakadhani ni ya sakafu, wakampa jina. Miwani aliwahi hata kusema, "Taka za mtaa huu ni nzuri sana, zinang'aa."

Picha elfu nne. Zote zimeoga.

Alifika nyumbani uso umemshuka. Mama mkwe wake alimsikiliza mpaka mwisho, kijiko mkononi.

"Ngoja nielewe, mwanangu. Taka uliziosha."

"Ndiyo, mama."

"Kwa sabuni."

"Ndiyo, mama."

"Na masufuria yangu tangu jana yana ukoko!" Mama mkwe akaangua kicheko mpaka akafuta machozi kwa pembe ya nguo. Kisha akamtazama vizuri mkwewe, akaona machozi ya upande wa pili si ya kicheko. Sauti ikashuka. "Haya, njoo ukae. Watakufukuza?"

"Sijui. Nikinyamaza, hawatajua."

"Watabomoa mashine nzima wakitafuta ugonjwa, na ugonjwa unao wewe. Kesho kaseme kabla hawajashika nyundo."

Alhamisi alfajiri alipiga moyo konde. Alipofika, kamera ilikuwa tayari imefunguliwa, skrubu zimetapakaa mezani.

"Kaka zangu, acheni. Bi Mkubwa si mgonjwa," alisema kwa pumzi moja. "Hajawahi kuona uchafu. Nilikuwa naviosha vitu vyote kabla ya picha."

Spana ndiye aliyeanza. Alikaa chini sakafuni, akashika mbavu. "Ameogesha takataka! Dada, na poda ulizipaka?"

Miwani hakucheka. Alifungua kompyuta, akazipitisha picha moja baada ya nyingine: chupa zinameremeta, makopo kama vito. Dada Sabuni alimkumbatia Kibonge, akasubiri neno.

"Hizi zote nilizipitia mwenyewe," Miwani alisema hatimaye. "Nikajisifia taa niliyofunga." Akavua miwani, akaifuta kwa shati. "Dada, usafi ni kazi yako. Kutazama ilikuwa kazi yangu. Sasa tuna leo tu. Utaweza kupiga picha uchafu bila kuugusa?"

"Nitajaribu, kaka."

Kujaribu kulikuwa kazi kwelikweli. Mara mbili Spana alimkamata akipangusa kopo kwa kidole. Mara ya tatu akamnyang'anya kitambaa, akakifungia kabatini. Saa sita mama mkwe akatokea na ndoo ya taka za nyumbani kichwani na majirani wawili nyuma yake, kila mmoja na ndoo yake. "Hizi hazijaoga tangu zizaliwe," alitangaza. Walipiga picha mpaka jua likaelekea kuzama, wakazichanganya na zile za zamani, wakamwacha Bi Mkubwa azisome mwenyewe.

Ijumaa meneja wa soko alikuja na magunia mawili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso ya jasho. Spana akamwaga gunia la kwanza, akabaki mdomo wazi. Zilitoka chupa zinang'aa kama za dukani.

"Niliagiza wazisuuze," alisema meneja kwa haya. "Nisingeweza kuwaletea watu uchafu ndani. Gunia la pili maji yalikatika."

Spana aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Lakini Bi Mkubwa alikwisha kuona zote mbili. Zilizooga alizipokea kama ndugu wa siku nyingi. Likaja gunia la pili, na matope yake, na mafuta yake. Plastiki. Kopo. Plastiki. Karatasi. Jani la kabichi likasukumwa kwenye karatasi, na kandambili iliyokatika ikaenda Sikujui.

"Kabichi tutamsamehe, na nafasi ya langoni ni yenu," alisema meneja. "Waliokuja mwezi uliopita, mashine yao ilitaka vitu safi tu. Nyie mmewezaje?"

Vijana wakatazamana. Kwa mara ya kwanza hakuna aliyesema ni kazi yake.

"Mwalimu wake ni huyu," Miwani alisema, akimwonyesha Dada Sabuni. "Langoni atakuwa yeye na Bi Mkubwa. Na boksi la mtoto."

"Umesomea wapi, mama?" aliuliza meneja.

"Kwenye beseni," alijibu Dada Sabuni, na hakuelewa kwa nini Spana alilazimika kutoka nje.

Jioni ile alifika nyumbani anakaribia kukimbia, habari ziko mdomoni. Akamkuta mama mkwe mlangoni, tayari ameshasikia kwa majirani, ametabasamu sikio kwa sikio. Nyuma yake masufuria matatu yamepangwa, ukoko wake mzimamzima. Dada Sabuni akakunja mikono ya gauni, akachukua brashi.

"We, ishia hapo hapo!" mama mkwe akamzuia. "Yapige picha kwanza."