Kuuliza Mara ya Pili

Saa tano na dakika arobaini asubuhi, katika mkahawa wa wali wa bakuli ulio mkabala na lango la nyuma la chuo kikuu, meza moja tu ilikuwa na mtu. Mtu huyo alikuwa Maeng Il-ho, mwalimu wa jiolojia wa kulipwa kwa saa, na alikuwa amewahi. Miaka ya nyuma asingepata kiti wakati kama huo. Foleni ya wanafunzi ilifika hadi kwenye duka la kunakili karatasi, watu wakipigapiga miguu chini kwa baridi ya Desemba. Sasa duka la kunakili lilikuwa limefungwa, na mwenye mkahawa, ambaye kila mtu alimwita Mama Mdogo, alikuwa ameketi nyuma ya dirisha la jiko akimenya vitunguu saumu mbele ya televisheni isiyo na sauti. Vijana walikuwa wamepungua mkoani, na chuo nacho kilikuwa kimepungua. Kwenye orodha ya vyakula ukutani, mahali palipokuwa na picha ya ngisi pamebandikwa karatasi nyeupe.

Il-ho hakuwa mtu wa kusoma ishara. Mwinamo wa tabaka la mwamba, aliwafundisha wanafunzi wake, hupimwa mara tatu, mahali patatu tofauti, na asiyefanya hivyo arudi mlimani. Kwa sababu hiyo walimpa jina la siri, Mara Tatu, naye alilijua na hakulichukia.

Aliyokuwa na hakika nayo yalikuwa machache. Jana kamati ya idara ilikutana kuamua juu ya kiti kimoja cha kudumu, kile alichokiacha Profesa Ryu alipostaafu. Tak Seong-min, mdogo wake wa maabara tangu siku zao za uzamili, ambaye sasa alikuwa profesa kamili, alikuwa mjumbe wa kamati hiyo. Jana jioni Seong-min alipiga simu akasema, “Kaka, kesho tule pamoja mchana,” na hakuongeza neno. Na yeye Il-ho alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Hakuna idara nchini inayomwajiri mtu mpya wa umri huo. Kama kiti hiki si chake, basi hakuna kiti. Mkewe alilijua hilo vizuri kama yeye. Asubuhi alimpigia shati pasi, akamkabidhi, akaenda zake kazini bila kuuliza kitu.

Seong-min aliingia na baridi yake, akainama, kisha akageukia mashine ya kuagizia iliyo mlangoni. Il-ho akanyanyuka haraka, kadi mkononi, kwa kuwa mkubwa ndiye anayelipa. Hayo yalikuwa mazoea yao: kusukumana kidogo kwa viwiko mbele ya ile mashine, huku Mama Mdogo akiwaambia kwamba wanaume wazima wanagombana kama kuku, mpaka mdogo anakubali kushindwa. Leo Seong-min aliweka bega lake katikati na halikusogea. Hakucheka. Alibonyeza mara mbili wali wa nguruwe wa pilipili, akalipa, akasema tu, “Leo niache, Kaka.”

Il-ho akarudi kukaa.

Yaliyofuata aliyaona moja baada ya jingine, kwa mpangilio, kama mtu anayesoma mwamba uliokatwa. Seong-min alivuta droo ya ubavuni mwa meza, akatandaza karatasi laini mbele ya Il-ho, akaweka juu yake kijiko na vijiti, akavinyoosha kwa ncha za vidole. Ni kazi ya mdogo, na kwa miaka mingi aliifanya ovyo, huku akiongea. Leo aliifanya kwa mikono miwili. Alimimina maji kwa mikono miwili. Mama Mdogo alipogonga dirisha na kutangaza kwamba anayetaka kula aje achukue, maana miguu yake leo haidaiwi kitu na mtu, Seong-min ndiye aliyekwenda na kurudi na masinia yote mawili. Kisha akachukua yai la kukaanga lililokuwa juu ya wali wake, akalihamishia kwenye bakuli la Il-ho, juu ya yai jingine.

Mkubwa humpa mdogo yai. Hivyo ndivyo Il-ho alivyomfanyia Seong-min alipokuwa kijana mwembamba asiyejua kushika nyundo. Hakuwahi kuona likienda upande wa pili, isipokuwa kwa mzee aliyefiwa.

“Unanilisha kama mgonjwa,” alisema.

“Kula kwanza, Kaka.”

“Sema kwanza.”

Seong-min alisema. Alisema vizuri, kwa sauti ya kikao, macho yake yakiwa kwenye kibakuli cha figili. Kiti kile hakikupewa mtu. Kimefutwa. Idara ya jiolojia itaunganishwa na ya mazingira, na ile ya mazingira itahamia katika kitivo kipya ambacho jina lake bado halijakubaliwa. Muhula ujao hakutakuwa na masomo ya kutoa kwa walimu wa saa. Si kwamba kuna aliyemshinda Il-ho. Alilirudia hilo, kana kwamba ni kitu cha moto alichokileta ili mwenzake ajikanzie mikono. Hakuna aliyemshinda.

Il-ho aliuliza kura zilipigwaje. Kwa mikono, alijibu Seong-min, wote walinyoosha.

“Na wewe?”

“Na mimi. Wangeunganisha tu, Kaka, hata nisingenyoosha. Halafu wangeanza kutazama nani wa kumpunguza katika sisi tuliobaki. Nina watoto wawili.”

Il-ho aliitikia kwa kichwa. Hoja ilikuwa sahihi. Alichanganya wali wake kwa kijiko, taratibu, kutoka chini kwenda juu, mpaka punje zote zikapata rangi nyekundu, na mayai yote mawili yakapasuka. Alikula vijiko viwili. Chakula kilikuwa na ladha ileile ya siku zote, jambo lililomshangaza.

Halafu akasema kitu ambacho hakuwahi kukitamka mbele ya mtu yeyote isipokuwa mkewe, na hata huyo mara moja tu. Alisema kwamba Mwalimu Ryu alimwahidi.

Ilikuwa humu humu, kwenye meza ya kona, mwaka ambao shirika la madini la kusini lilimwita Il-ho kazini: kazi ya kudumu, nyumba, na gari la kupandia milimani. Alikwenda kwa mwalimu wake kuaga. Profesa Ryu alimleta hapa, akamwagizia wali wa ngisi, akamwacha ale, ndipo akasema, “Kaa. Kiti changu kitakuwa chako.” Basi. Il-ho aliinamisha kichwa, akasema ahsante, na kesho yake akaliandikia shirika kwamba haendi. Tangu siku hiyo alimwendesha mzee kwenye mikutano, alimsahihishia mitihani, alitanguliza jina la mzee kwenye makala alizoziandika mwenyewe. Siku mama wa mzee alipozikwa, Il-ho alikesha akigawa supu kwa wageni, akiwa na kitambaa cha wafiwa mkononi kama mmoja wa wana. Na katika miaka yote hiyo hakuuliza tena. Hakukosa nafasi, walikaa peke yao garini saa na saa. Lakini mtu hamuulizi mkubwa wake mara ya pili. Kuuliza mara ya pili ni kumwambia kwamba hukumwamini mara ya kwanza.

Haya yote Il-ho aliyaeleza kwa sentensi tatu. Seong-min aliweka kijiko chini.

“Wali wa ngisi?” aliuliza.

“Ndiyo.”

“Mimi alininunulia wa samaki mkunga.” Alijikuna shingo. “Aliniambia na mimi, Kaka.”

Il-ho aliuliza lini, nani mwingine alikuwepo, na maneno yalikuwa yapi hasa. Aliuliza kama anavyouliza wanafunzi waliorudi mlimani na namba za kutilia shaka. Seong-min alijibu yote. Ilikuwa mwaka uliotangulia ule wa Il-ho, wakati yeye mwenyewe alipotaka kwenda kusoma ng'ambo. Walikuwa wawili tu. Maneno yalikuwa yale yale. Hata lile “kaa” la mwanzo, lililosemwa kana kwamba mtu anazungumza na mbwa anayempenda.

“Sasa wewe ulifanyaje?”

“Nilimrudia kesho yake, nikamuuliza kama alimaanisha.”

“Ulimuuliza.”

“Nilikuwa mjinga, Kaka, sikujua adabu. Alikasirika, akawa hanisemeshi karibu mwaka mzima. Akikutana nami kwenye ngazi anageuza shingo. Wewe mwenyewe uliniambia niende nikapige magoti.”

Il-ho alikumbuka. Alimwambia hivyo bila kuuliza kosa lilikuwa lipi, na alimnunulia kabisa chupa ya pombe ya kupeleka.

“Lakini nadhani swali lile lilimkaa kooni,” Seong-min aliendelea. “Ilipofunguliwa nafasi ya kudumu ya kwanza alikwenda mwenyewe kwa mkuu wa kitivo, akanitaja.”

“Kwa nini hukuniambia?”

Hapo ndipo Seong-min alipomtazama kwa mara ya kwanza tangu waketi. Uso wake haukuwa na hila yoyote. Ulikuwa na mshangao.

“Nilidhani unajua,” alisema. “Tulikuwa wengi, Kaka. Jang aliyeenda Busan, yule dada aliyesomea visukuku, wote aliwaambia. Tulikuwa tunataniana, nani kapewa wali wa nini. Wewe tulidhani unabaki kwa kupenda.”

Mama Mdogo alipita na kitambaa akifuta meza safi. Aliuliza kama wali unatosha, na hakuna aliyemjibu, akaenda zake akinung'unika kwamba wasomi wakishiba huwa mabubu.

Il-ho alijaribu kutafuta hasira yake na hakuipata mahali alipotarajia. Aliangalia kijana wake wa zamani, nywele zake zilizoanza kuwa chache utosini, akaona mtu aliyefanya jambo moja la utovu wa adabu maishani na kulipwa kwalo. Yeye Il-ho alikuwa amerudia kupima kila kitu: mwinamo wa kila tabaka kutoka hapa hadi pwani ya mashariki, umri wa majivu ya volkano, unene wa udongo. Sentensi moja tu, fupi, aliipokea kama ilivyotamkwa, akajenga juu yake nyumba nzima, na heshima ndiyo iliyomzuia kugonga ukuta asikie kama kuna kitu ndani. Na alipojiuliza kama aliwahi kushuku, hata mara moja, usiku, garini, mzee amesinzia pembeni yake, hakuweza kujijibu hapana.

Seong-min alikuwa na kikao. Alisimama, akainama kwa kina ambacho hakikuhitajika, akasema wataonana, wataongea, kuna shule moja ya sekondari ya binafsi anayoifahamu. Il-ho alimwambia aende asichelewe. Alimtazama kupitia kioo akivuka barabara, akikimbia hatua chache kisha akiacha kukimbia, kama mtu aliyekumbuka kwamba anatazamwa.

Kisha alikula wali wote. Hakuacha punje. Alikunywa supu, akapeleka masinia mawili dirishani, akamshukuru Mama Mdogo kwa chakula. Nje alisimama karibu na ukuta ambako upepo haukufika, akatoa simu, akapiga.

Profesa Ryu alipokea baada ya simu kuita kwa muda mrefu. Sauti yake ilikuwa ya furaha, na mdomo ulikuwa na kitu ndani.

“Il-ho! Umekula?”

“Nimekula, Mwalimu. Wewe unakula, nimekusumbua.”

Mzee alisema hakusumbuliwa, alikuwa peke yake, binti yake ameleta supu ya maharage na ameondoka. Aliuliza kama theluji imeshaanza huko chuoni. Il-ho akasema bado. Mzee akasema kwake imeanguka kidogo asubuhi na haikushika. Kikafuata kimya kile ambacho siku zote Il-ho alikijaza kwa kumtakia mzee afya njema na kuaga.

“Mwalimu,” alisema, “ile siku uliyoniambia nikae. Ulimaanisha?”

Alisikia mzee akimeza kilichokuwa mdomoni.

“Nilimaanisha kila nilipomwambia mtu,” Profesa Ryu alisema. “Ningemwambia nani aondoke?”

Il-ho alisema ameelewa. Aliomba radhi kwa kupiga wakati wa chakula, akamtakia mlo mwema, akainama pale ukutani kwa simu iliyokuwa sikioni. Mzee alisema haya, haya, siku moja aje wale. Kisha akaiweka simu mezani bila kuikata.

Mdogo hakati simu kabla ya mkubwa. Il-ho aliendelea kuishika sikioni. Upande wa pili kijiko kiligonga bakuli, kikatulia, kikagonga tena.