Matofali Yaliyolazwa Alama Juu

Kwetu kampuni ya matofali ilisema mke mdogo ndiye aliyeuchukua mwili wa Babu. Kwa mke mdogo ikasema mke mkubwa ndiye aliyeuchukua. Uongo wenyewe ndio huo, mfupi, na ukatosha miaka yote, maana walioutunga walijua wake wenza hawatakaa chini kuulizana.

Babu alikuwa mfyatuaji wa matofali. Aliongoza mgomo, walinzi wakampiga mbele ya wenzake kando ya tanuri, jua halijazama akawa amekufa. Bibi yangu aliingia kaburini akiamini mwenzake alimzika mume kwa siri ili amkomoe. Shangazi, binti yake, akairithi chuki ile kama watu wanavyorithi masufuria.

Mimi sikuimeza. Nilifanya kibarua kiwandani humo mpaka mdomo wangu ukanifukuzisha, na kila mapumziko nilizunguka uani macho chini. Mfyatuaji huchapa vidole kwenye tofali bichi ili msimamizi ajue kazi ni ya nani. Alama ya Babu, vidole vitatu na gumba, ipo mpaka leo kwenye kizingiti chetu. Nikasema alipolala Babu patakuwa na alama yake. Sikuiona.

Halafu tukasikia ua mzima unamwagiwa zege, malori yapate pa kugeuzia. Likishamwagwa, basi tena. Nikamwambia Shangazi twende kwa nyumba ndogo.

"Kwa wale? Labda mnipeleke kwenye jeneza."

"Sawa. Baba yako alale chini ya matairi."

Akavuta mkoba wake.

Dada yake wa baba mmoja tulimkuta mbele ya nyumba, anashona kwa cherehani. Alipoinua uso nilishtuka: paji lile lile, pua ile ile, hata ule mbinuo wa mdomo. Wakakodoleana macho kama mtu aliyeletewa kioo asichokiagiza.

"Leo ndiyo mmeona mtuonyeshe kaburi?" akauliza fundi cherehani.

"Kaburi lipi? Si ninyi mliomficha?"

"Sisi! Mama yangu kafa akimlaani mama yako kwa kumnyima hata konzi moja ya udongo wa kumtupia mumewe!"

Cherehani ikanyamaza. Nikamuuliza fundi, "Shangazi, nani aliwaambia kuwa tunaye sisi?"

"Ofisi ya kiwanda."

"Na sisi ofisi hiyo hiyo."

Shangazi yangu akajibwaga chini bila kukaribishwa. "Washenzi," akasema.

"Washenzi wakubwa," mwenzake akaitikia. Lilikuwa neno la kwanza kuafikiana maishani mwao.

Ndipo fundi akakumbuka. Siku zile za msiba mfyatuaji mmoja alikuja kuwapa pole, akamnong'oneza mama yake: hatukumwacha hivi hivi, kila mmoja wetu amemwekea tofali lake. Wao wakadhani ni huko kwetu.

"Lakini uani nimetafuta kote," nikasema. "Hakuna hata tofali moja lenye alama yake."

"Yake nani?"

"Babu."

Akacheka mpaka akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. "Wewe mtoto, na kutafuta kote huko! Maiti anafyatua matofali?"

Nikaona kila kitu: alama zingekuwa za waliomzika, si zake. Nyuma ya tanuri la zamani kuna kipande kilichotandikwa matofali. Mwashi hulaza alama chini, udongo uifiche. Pale zote zinatazama juu, za vidole mbalimbali. Nilipapita mara nyingi nikidhani ni kazi ya mlevi.

Asubuhi tuliingia nyuma ya lori la zege, mafagio mkononi. Akina shangazi wakafagia vumbi, na urefu wa mtu mzima ukajitokeza. Shangazi akachomeka kidole kwenye shimo la kidole cha mtu aliyemzika baba yake. Kisha wote wawili wakaketi juu yake.

Meneja akaja mbio. "Akina mama, ondokeni, zege linaganda!"

"Liache ligande. Huyu amegandia hapa wewe hujazaliwa," Shangazi akamjibu.

"Mna ushahidi gani?"

"Chimba," akasema fundi cherehani. "Ukikosa mtu, tunaondoka. Ukimkuta, utueleze mbele ya hawa."

Wafyatuaji walikuwa wameshasogea, mikono imejaa udongo. Meneja akayatazama majembe yao. Hakuthubutu kusema chimba.

Hapo mfyatuaji mmoja akageuza kalibu yake ya kufyatulia, akachapa vidole kwenye tofali bichi, akaliweka pembeni mwa yale ya zamani. Alama juu. Akafuata wa pili. Lori likarudi kinyumenyume hadi getini na zege lake.

Naandika haya nimeegemea tanuri. Meneja ameita walinzi. Waje, wa safari hii watapiga mbele ya watu wanaojua kaburi liko wapi. Akina shangazi wanagombania upande wa kichwani.

"Sogea, mimi ndiye mkubwa."

"Ukubwa ni wa mama yako. Mimi sisogei."

Na hakuna anayesogea.